Mjerumani Hakuzika Fedha Kasulu

Mvua zikikolea katika vilima vya Kasulu na Kibondo, makorongo mapya huchimbika mashambani, na mara moja moja ndani ya korongo huonekana kipande cha duara, cheusi, kilichoshikamana na udongo mwekundu. Kikisuguliwa kwa majivu hutokea sura ya mwanamume mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma yenye tai kileleni. Huyo ni Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, na kipande chenyewe ni rupia iliyotumika hapa kwetu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wiki haijaisha, keshafika mganga, keshafika dalali kutoka mjini, keshafika kijana mwenye mashine ya kutafutia madini, na mwenye shamba ameanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza ili agharimie uchimbaji.

Maneno yanayowaongoza watu hawa yanajulikana, nami nataka kuyajibu moja baada ya jingine. Yanakula mali za watu ambao hawana mali nyingi. Tena yanawanyang'anya Waha, wenyeji wa vilima hivi, historia yao: yanamfanya mgeni aliyeshindwa vita kuwa ndiye mwenye utajiri uliolala ardhini mwao, na wao kuwa walinzi wake wasiojua kitu.

"Mjerumani alipokimbia mwaka 1916 alizika hazina yake milimani, akijua atarudi."

Hili ndilo dai mama, na lina chembe ya ukweli ambayo sitaificha. Wajerumani walitumaini kurudi. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wanaikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake mafuta mazito ili maji yasizile. Meli ile ilikuwa imejengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku hadi Kigoma na kuungwa upya. Waingereza waliifufua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Kwa hiyo mtu akisema Mjerumani alificha kitu kwa nia ya kukirudia, amesema kweli. Alichokificha kilikuwa meli, na mahali pake palijulikana.

Fedha ni habari nyingine, maana fedha yenyewe hakuwa nayo. Tangu vita vianze mwaka 1914, manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, na sarafu hazikuja tena kutoka viwanda vya Berlin na Hamburg vilivyokuwa vikizipiga. Mwaka 1915 serikali ya koloni ikaanza kuchapisha noti zake za dharura mjini Dar es Salaam. Noti hizo watu walizipokea shingo upande. Askari na wapagazi walitaka kitu kinacholia kikidondoshwa mezani. Ndipo mwaka 1916, makao ya serikali yakiwa yamehamia Tabora, karakana ya reli ya Lulanguru ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Shaba ya njano ya maganda ya risasi na mizinga, pamoja na mabaki mengine ya metali, iliyeyushwa na kukandamizwa kuwa bamba, bamba likakatwa viduara, viduara vikapigwa mhuri: heller 20 na heller 5, visehemu vya rupia, zikiwa na mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Ukiishika heller 20 ya Tabora leo utaona kazi ilivyofanywa kwa haraka. Taji limekaa upande, ukingo haulingani, herufi nyingine zimezama na nyingine zimefutika tangu siku ya kuzaliwa kwake.

Hapa ndipo namwomba mchimbaji wa hazina atue jembe na kufikiri. Serikali yenye masanduku ya rupia za fedha ina sababu gani ya kuokota maganda ya risasi ili iwalipe askari wake? Yule anayesemekana alizika fedha na yule aliyepiga sarafu kwa maganda hawawezi kuwa mtu mmoja.

Watasema: na ile dhahabu je? Ni kweli ipo sarafu ya dhahabu ya Tabora, rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima upande mmoja na tai upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, nchi ya Singida. Zilipigwa 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ndiyo dhahabu. Fanya hesabu: zote kwa pamoja, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hazifiki kilo 117. Ni mizigo minne ya wapagazi wa zama zile. Na hizo zilitolewa ili zitumike, zikalipa mishahara na madeni, nyingi zikaenda na waliolipwa, na leo zimetapakaa katika makumbusho na kwa wakusanyaji wa dunia nzima. Hadithi za Kasulu zinataja mashimo ya masanduku ishirini. Masanduku hayo yangejazwa na nini?

Kisha kuna njia. Kikosi cha Wabelgiji kilichoiteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 kilishuka kutoka Urundi, maana yake nchi ya Waha ilikuwa upande anakotokea adui. Wajerumani wa magharibi walirudi nyuma kwa kufuata reli kwenda Tabora. Tabora ilipoanguka Septemba 19, 1916, kikosi cha Jenerali Wahle kilielekea kusini-mashariki, upande wa Iringa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao mkuu, alikuwa mbali kabisa, akisukumwa kusini hadi alipovuka Ruvuma na kuingia Msumbiji Novemba 1917, na alikuja kuweka silaha chini Abercorn, Zambia ya leo, Novemba 25, 1918. Hakuna safu yenye masanduku iliyopanda milima ya Buha, nchi hiyo ya Waha, kumkimbilia adui.

"Lakini Mjerumani si mtu wa kuishiwa. Ni taifa la nidhamu, tangu kale jeshi lake lilikuwa na hazina."

Anayesema hivi huonyesha misalaba iliyokuwa kwenye nishani na ndege za kivita za Wajerumani, kama ushahidi wa ukoo wa kale wa mashujaa matajiri. Basi tuufuate ukoo huo, kwa kuwa unajulikana. Msalaba ule uliigwa kutoka kwa Shirika la Wateutoni, watawa wapiganaji waliovaa joho jeupe lenye msalaba mweusi. Walianza kama wahudumu wa hospitali mjini Akka, Palestina, mwaka 1190, wakawa jeshi, kisha wakajitwalia nchi ya Prussia kando ya Bahari ya Baltiki. Makao yao makuu yalikuwa ngome ya Marienburg, ambayo leo iko Poland na inaitwa Malbork.

Walipokuwa na nguvu, walipiga sarafu nzuri. Zilipigwa kwa mkono: kiduara cha fedha kiliwekwa juu ya mhuri uliokitwa kwenye gogo, mhuri wa pili ukashikwa juu yake, na fundi akashusha nyundo. Shilingi yao ya karne ya 14, yenye ngao na msalaba, iliaminiwa na wafanyabiashara wa Baltiki yote. Halafu likaja pigo. Julai 15, 1410, jeshi la Poland na Lithuania liliwavunja huko Grunwald. Mkuu wao aliuawa uwanjani na wengi wa viongozi pamoja naye. Katika mapatano ya Thorn mwaka 1411 walitozwa fidia ya kopa 100,000 za groshi za Bohemia. Kopa moja ni groshi 60, kwa hiyo ni groshi milioni sita. Hazina ikakauka. Wakuu waliofuata waliendelea kupiga shilingi ileile kwa sura, msalaba uleule, maandishi ya Kilatini pembeni, ila ndani yake fedha ikapungua na shaba ikaongezeka.

Mwana wa nchi ile aliyeyaeleza haya vizuri kuliko wote ni Copernicus, yuleyule aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Katika andiko lake juu ya sarafu za Prussia, la mwaka 1526, aliweka uharibifu wa sarafu pamoja na mifarakano, vifo na ardhi kukosa rutuba kama mambo manne yanayoangusha dola. Alieleza pia kinachotokea sarafu mbaya ikiingia sokoni: sarafu nzuri hutoweka, kwa kuwa mwenye nayo huiyeyusha, huipeleka nje au huiweka, na kulipia kwa ile mbaya. Shirika lenyewe liliishia vibaya zaidi. Katika vita vya miaka kumi na mitatu, vilivyoanza 1454, lilishindwa kuwalipa askari wake wa kukodi, likawawekea rehani ngome zake, na mwaka 1457 askari hao wakaiuza Marienburg kwa mfalme wa Poland. Mwaka 1525 mkuu wa Shirika huko Prussia, Albrecht, alilivua joho na kuwa mtawala wa kawaida.

Ukoo huo haumsaidii mwenye dai. Wapiganaji waliokuwa na ngome kubwa kuliko zote katika Ulaya ya wakati wao waliishiwa hadi wakapiga shaba wakaiita fedha. Wa Tabora walipiga maganda ya risasi. Jeshi linaloshindwa hutumia fedha iliyo nzuri kwanza, huanza kupiga iliyo mbaya, na mwisho huandika karatasi. Mwaka 1917, wakiwa porini, Wajerumani wa hapa walikuwa wanagonga noti kwa mihuri ya mpira.

Na lile la Copernicus juu ya sarafu nzuri kutoweka linatupeleka karibu zaidi na korongo la Kasulu kuliko ramani zote za hazina. Noti na shaba zilipoingia mwaka 1915 na 1916, mwenye rupia ya fedha alifanya nini? Aliiweka. Nitalirudia hili mbele.

"Rupia ni fedha tupu, moja ni mamilioni ya shilingi."

Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66 na usafi wa 917 kwa elfu moja. Maana yake fedha safi iliyomo ni gramu 10.7 hivi, theluthi ya wakia moja na zaidi kidogo tu. Ni sarafu nzuri, usiidharau. Lakini zilipigwa kwa mamilioni, hasa kuanzia 1904, na zilizochakaa kama zile zinazotoka mashambani huuzwa kwa bei isiyo mbali na ya metali yake. Bei hiyo ya fedha hutangazwa duniani kila siku. Anayetaka kuuza aitazame siku hiyo, azidishe kwa gramu kumi na kitu, ajue mahali pa kuanzia. Zipo chache zinazotafutwa, kama rupia mbili za mwaka 1893 na 1894, ambazo ni kubwa maradufu. Hizo wakusanyaji hushindana. Na tembo wa dhahabu wa Tabora ni ghali kweli, ila kwa sababu hiyohiyo bandia zake ni nyingi. Ukiletewa mfuko wa tembo kumi, umeletewa kazi ya mfua bandia.

Nawaonya pia wanaochanganya rupia na shilingi za Mwingereza. Baada ya vita, Tanganyika ilitumia rupia ya India, ambayo uzito na usafi wake ulikuwa sawa na ule wa rupia ya Mjerumani. Mwaka 1920 ikaja florini ya Afrika Mashariki: uzito uleule, fedha nusu tu. Haikudumu. Ikafuatwa na shilingi yenye simba, ya kuanzia mwaka 1921, gramu 7.8 hivi, na fedha yake ni robo. Florini moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Sasa angalia: rupia ilikuwa na gramu 10.7 za fedha safi, florini 5.8, na shilingi mbili kwa pamoja hazifiki gramu nne. Kuanzia 1948 shilingi ikawa haina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Mtu wa Kibondo aliyezaliwa wakati wa Mjerumani aliyaona haya yote kwa macho yake katika umri mmoja, na bado kazi aliyotakiwa kuifanya ili apate kodi haikupungua. Wanaoliona jambo hili la Copernicus na Prussia kuwa la Wazungu wa mbali wafikirie hesabu hiyo.

"Ina zebaki. Inavuta mchele, inazima tochi."

Hapana. Zebaki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi joto 357. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, na hata ikichanganywa na shaba kwa kipimo cha rupia, bado ni mamia ya nyuzi juu ya hapo zebaki inapochemka. Metali iliyoyeyushwa kiwandani Berlin ili itengenezwe sarafu haiwezi kubaki na zebaki ndani yake. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanalijua hili bila darasa lolote: wanachoma mchanganyiko wao, zebaki inaruka, dhahabu inabaki, na mvuke ule unawadhuru wao na watoto wao.

Mchele huvutwa na umeme tuli. Sugua kipande cha plastiki kwa nguo ya sufu, kisogeze kwenye punje kavu, zitaruka zenyewe bila rupia yoyote kuwapo. Ujanja huu unajulikana sana India, ambako matapeli huuza sarafu za kale za shaba kwa hadithi hiyohiyo ya kuvuta mchele na kuhitajika katika mitambo ya anga. Tochi inayozimika ni tochi iliyolegezwa betri na yule aliyeileta. Sumaku ndiyo kipimo cha kweli na cha bei rahisi: fedha haishikwi na sumaku, dhahabu haishikwi, shaba haishikwi. Rupia ikinata kwenye sumaku, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi, na aliyekuletea anajua.

Waganga wanaotaka kuku mweusi na nguo nyekundu kabla ya "kuifungua" hazina wanalipwa kabla ya kuchimba. Mpangilio huo wa malipo unatosha kuwajibu.

"Kuna mawe yenye alama juu ya milima. Mzungu aliyaweka ili ayakumbuke mashimo yake."

Dai hili linaumiza kuliko mengine, kwa sababu limeharibu vitu vya thamani. Nguzo za zege na mawe yaliyotobolewa yenye pembetatu au namba kwenye vilele ni alama za wapima ardhi. Mstari wa nyuzi 30 Mashariki, unaokwenda kutoka Misri hadi Afrika Kusini, unapita magharibi kidogo tu ya mji wa Kasulu. Wataalamu wa upimaji walitaka kuupima mstari huo wote ili kujua umbo la dunia, na sehemu ya Tanganyika ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kikosi cha Mwingereza Martin Hotine. Walipanda kilele baada ya kilele, wakaweka alama mahali ambapo kilele kinachofuata kinaonekana, wakapima pembe kati yao. Alama huwekwa juu kwa sababu ya macho. Mtu anayeficha mali hachagui kilele kinachoonekana na wilaya nzima. Na tarehe zinatosha: mwaka 1931 Mjerumani alikuwa ameshaondoka miaka kumi na mitano.

Kila alama inayong'olewa na mtafuta hazina inamfanya mpimaji wa leo akose mahali pa kuanzia, na mgogoro wa mpaka wa shamba unakosa shahidi wake. Kuziharibu ni kosa kisheria. Hali kadhalika, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kujichimbia apendavyo kutafuta vitu vya kale bila kibali.

"Zenye tundu katikati ni za Mjerumani, na tundu ni la dawa."

Tundu ni la uzi. Sarafu ndogo zilitungwa kama shanga ili zisipotee, na tundu liliokoa metali na kumsaidia mtu kuitambua sarafu gizani kwa vidole. Heller 10 za Kijerumani zina tundu, ndiyo, na heller 5 za miaka ya mwisho pia. Lakini senti 10 za Mwingereza zina tundu, na sarafu za Kongo ya Wabelgiji zina tundu, zikiwa na nyota upande mmoja. Kigoma ilikaa mikononi mwa Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921. Hata stempu za barua zilizotumika ziligongwa maneno ya Kifaransa na ya Kiholanzi, lugha ya Waflemi, kutangaza kwamba huu ni ukaliaji wa Ubelgiji. Wanaoleta sarafu yenye nyota na kuiita ya Kaisari wamekosea nchi nzima.

"Waha hawakuijua fedha. Kwa hiyo fedha yoyote iliyo ardhini ni ya mgeni."

Dai hili halisemwi kwa sauti, lakini ndilo linalobeba mengine yote. Bila hilo, mtu anayeokota rupia shambani kwake angefikiria kwanza wazee wake, asimfikirie Mjerumani.

Tuanze Uvinza. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimetumika tangu karne ya tano au ya sita baada ya Kristo. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta meko na vigae vya vyungu vya kuchemshia maji ya chumvi, tabaka juu ya tabaka. Chumvi hiyo ilikwenda mbali pande zote, na iliyeyusha vikwazo vya kila lugha njiani, kwa kuwa hakuna jiko linaloikataa. Waha walikuwa na jembe la chuma, ng'ombe na mbuzi, na jembe lilikuwa kipimo cha thamani katika mahari na katika biashara. Watemi wa Heru, Muhambwe, Buyungu na wengine walitoza ushuru wa hongo kwa misafara. Henry Morton Stanley mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, alitozwa nguo nyingi na wakubwa wa Uha hadi akaamua kupenya sehemu iliyobaki usiku, kimyakimya, ili asilipe tena. Watu wasiojua thamani hawamfanyi msafiri tajiri atembee gizani.

Na soko la Ujiji, ambalo Waha walililisha kwa mazao yao, lilikuwa na sarafu yake. Verney Lovett Cameron alifika pale mwaka 1874 akakuta kila kitu kinahesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi, vipande mfano wa mirija ya kiko iliyovunjika. Asubuhi soko likifunguka walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wanawabadilishia wanunuzi nguo na vitu vingine kwa shanga. Jioni waliwapokea wauzaji shanga zilezile na kuwapa walichotaka. Walipata faida mara mbili kwa siku. Leo tunaiita biashara ya kubadilisha fedha na inahitaji leseni ya Benki Kuu.

Rupia ilipofika, ilifika kwa nguvu. Wajerumani waliweka kituo Ujiji mwaka 1896. Mwaka uliofuata ikatangazwa kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini, na asiye nazo afanye kazi. Ili apate rupia tatu, kijana wa Buha alibeba mizigo, au aliingia kwenye ujenzi wa reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, au alikwenda mashamba ya mkonge ya pwani. Kizazi baada ya kizazi Kigoma ikawa chemchemi ya nguvu kazi, na wakati wa Mwingereza vijana wa Kasulu na Kibondo walijazana katika mabehewa kwenda Tanga kuwa manamba. Walirudi na sarafu zilizoshonwa ndani ya nguo. Benki haikuwapo. Walikuwa na chungu, na sakafu ya udongo, na pembe ya nyumba ambayo mke na mume tu ndio walioijua.

Sasa liunganishe hili na yale ya 1916. Noti za Mjerumani zikaja, shaba ya maganda ikaja, kisha serikali ikabadilika mara mbili ndani ya miaka mitano. Mwenye akili aliitunza fedha halisi ardhini. Wengine walikufa na siri yao, maana miaka ile ilikuwa na vita, njaa na homa kuu ya mafua ya 1918. Na mwaka 1972, Operesheni Kigoma ilipowahamisha watu kutoka maboma yao yaliyotawanyika milimani kwenda vijiji vipya, nyumba za zamani ziliachwa zikabomoka na kuwa mahame. Mvua ziliendelea kunyesha juu yake. Korongo linalotoa rupia mbili, shanga chache na kigae cha chungu halijapasua ghala la Kaisari. Limepita katikati ya chumba cha mtu.

Kwa hiyo ukiiokota, usiisugue kwa majivu wala mchanga, maana unafuta tarehe. Ipime kwa mzani wa sonara, ijaribu kwa sumaku, soma mwaka wake. Andika ulipoikuta: hame la ukoo gani, kina gani, nini kilikuwa pembeni. Kisha uliza wazee wa hapohapo ni nani aliyekaa pale kabla ya Operesheni, alikwenda kufanya kazi wapi, na alirudi mwaka gani. Mara nyingi mjukuu wake yuko kijiji cha jirani.